Vipimamvua, vituo vya kujiendesha au maputo? Njia tatu za kuchunguza pepo za msimu ukiwa Moshi au Arusha

Kila ifikapo Januari napigiwa simu zinazofanana. Mwalimu wa jiografia, mwanafunzi wa shahada ya pili, kikundi cha vijana wa mazingira: wamepata fedha kidogo, wanataka kuchunguza pepo za msimu na mvua zake wakiwa hapa Moshi au kule Arusha, na wanauliza wanunue nini. Nimehangaika na vipimo vya mvua kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, na bado sina jibu moja la kumpa kila mtu. Ninachoweza ni kuziweka njia tatu mezani na kuzipima kwa vigezo vilevile, kila mmoja aone ipi inamfaa.

Kwanza tuelewane tunachunguza nini. Neno "msimu" lenyewe limetokana na Kiarabu, mawsim, wakati maalumu unaorudi kila mwaka, na neno hilohilo ndilo Wazungu walilolichukua kuzitaja pepo za Bahari ya Hindi. Watu wa pwani wanazo mbili: kaskazi, inayoshika kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, inayochukua zamu kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi. Jahazi zilishuka kutoka Arabuni na India kwa kaskazi, zikarudi kwao kwa kusi. Sisi wa bara tunazijua kwa matokeo yake: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba.

Hapa ndipo mipango mingi inapopotea. Vitabu vingi vinaeleza pepo za msimu kwa mfano wa India, ambako zikishika ndipo mvua inanyesha. Kwetu ni kinyume. Kaskazi ikishakomaa, Januari na Februari, hewa yake imepita juu ya nchi kavu za Arabuni na Pembe ya Afrika, inatufikia ikiwa kavu. Kusi ikishakomaa, Juni hadi Agosti, inaleta hewa ya baridi iliyotulia, isiyopenda kupanda juu na kujenga mawingu makubwa. Mvua nyingi inanyesha pepo hizi zinapopokezana, wakati ukanda wa mvua unapita juu yetu ukielekea kaskazini na baadaye ukirudi kusini. Kwa hiyo anayechunguza mfumo huu kutoka Moshi anawinda mageuzi. Akifika mageuzi yakiwa yameshatokea, amepata takwimu za mvua tu, lakini mfumo wenyewe umempita.

Halafu tuna milima. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini Moshi mwezi wa Julai mawingu hufunika mlima siku nzima na kipimamvua cha mjini kikabaki kikavu. Kilimanjaro na Meru zina upepo wao wenyewe: mchana miteremko ikipata joto hewa hupanda, usiku ikipoa hewa hushuka. Mwendo huo wa kila siku hufunika kaskazi na kusi kabisa kwa mtu anayepima palepale chini ya mlima. Njia yoyote utakayochagua lazima iwe na namna ya kutenganisha mambo haya mawili.

Vigezo

Nitaitazama kila njia kwa mambo matano. La kwanza ni swali inaloweza kujibu, kwa sababu chombo kizuri kwenye swali lisilo lake ni hasara tupu. La pili, watu na fedha, na kwa fedha nahesabu pia ile ya mwaka wa pili, ambayo wafadhili wengi huisahau. La tatu, vibali. La nne, makosa yanayonyemelea, kwa maana kila kipimo kina namna yake ya kudanganya. La tano, muda: je, njia hiyo inaweza kukaa kazini kabla ya msimu kugeuka, ukigeuka, na ukishageuka?

Njia ya kwanza: mtandao wa vipimamvua vya mkono

Swali inalojibu. Hii ni njia ya kujua mvua inanyesha wapi, inaanza lini, na inabadilikaje ukipanda mlima au ukiuzunguka. Kwa upande wa Moshi mstari mzuri unaanzia tambarare za Kahe au mashamba ya miwa ya TPC, karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, unapita Moshi mjini, unapanda Uru au Kibosho mpaka ukingoni mwa msitu, kwenye mita 1,800 hivi. Mvua huongezeka kadiri unavyopanda, hufikia kilele ndani ya msitu karibu na mita 2,200, kisha hupungua. Kileleni Kibo hufika sehemu ndogo tu ya ile inayonyesha msituni. Mstari wa pili, ambao mimi naupenda zaidi kwa swali la pepo za msimu, ni wa kuuzunguka mlima: Machame, Marangu, halafu Rombo mpaka Tarakea. Upande wa kusini unaikabili kusi, upande wa kaskazini mashariki unaikabili kaskazi. Linganisha mvua ya vuli na ya masika katika pande hizo mbili, na mlima wenyewe utakuonyesha upepo upi ulileta unyevu.

Arusha nako upo mstari wa aina hiyo. Anzia Usa River na Tengeru, pita Ngaramtoni, malizia Oldonyo Sambu. Kwa mwendo wa gari usiozidi asubuhi moja unatoka kwenye migomba na kahawa ukaingia kwenye nyanda za mifugo, kwa sababu Meru umekinga mvua.

Kwa mtandao huu unaweza pia kutafuta tarehe ya mwanzo wa msimu kwa kanuni badala ya kwa kukisia. Kanuni moja inayotumika sana katika kilimo husema msimu umeanza pale panaponyesha milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, mradi katika siku 30 zinazofuata pasiwe na ukavu mfululizo wa zaidi ya siku saba hadi kumi. Sehemu hiyo ya pili ndiyo muhimu kwa mkulima. Mvua za kudanganya za mwanzo wa Machi zimeozesha mbegu za watu wengi.

Watu na gharama. Chombo ni rahisi kuliko vyote katika ulinganisho huu. Gharama yake ni binadamu: mtu mmoja kwa kila kipimamvua, kila siku saa 3 asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Saa 3 imechaguliwa kwa sababu ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa nchini, na ukipima saa nyingine huwezi kulinganisha rekodi yako na yao siku kwa siku.

Mwaka mmoja tuliweka vipimamvua karibu vyote mashuleni. Ilionekana busara: uzio upo, mwalimu yupo, watoto wanajifunza. Likizo ya Pasaka ikaangukia katikati ya masika, na ile ya Desemba ikakata mwisho wa vuli. Tulibaki na daftari zilizojaa vizuri wakati wa kiangazi na zenye mapengo siku ambazo mvua ilikuwa inafanya kazi yake kubwa. Iliniuma, kwa sababu watoto walikuwa wamejitoa kweli kweli. Tangu hapo nashauri shule iwe na jirani yake: mama au babu anayeishi hatua chache kutoka kwenye uzio, anayepewa shukrani ya kila mwezi, na anayeshika zamu shule ikifungwa.

Na hao wasomaji wafundishwe jambo moja kabla ya mengine yote. Bibi mmoja wa Uru aliniuliza siku ya tatu ya kazi, "Mwalimu, jana haijanyesha kabisa, sasa nimekuja kuandika nini?" Nikamwambia, "Andika sifuri, bibi. Sifuri ni kipimo." Sifuri maana yake nilikwenda, nikatazama, hapakuwa na maji. Nafasi tupu maana yake sikwenda. Mtu akichanganya hizo mbili, ukame na uvivu vinaonekana sawa kwenye karatasi, na hakuna hesabu itakayovitenganisha baadaye. Vivyo hivyo kwa maji ya siku mbili yaliyopimwa kwa pamoja: yaandikwe kwa pamoja na alama pembeni, yasigawanywe kwa kubuni.

Vibali. Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ya mwaka 2019 inasimamia shughuli za hali ya hewa nchini, na vituo vinatakiwa vijulikane kwa Mamlaka. Usiogope kwenda kwao. Mara nyingi ndiko utakakopata ushauri wa mahali pa kuweka chombo, na ndiko iliko rekodi ndefu ya kulinganisha na yako. Ongeza barua kwa mtendaji wa kijiji na mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Utafiti rasmi una kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kuingia msituni ni suala la hifadhi, kwa kuwa msitu wa Kilimanjaro umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2005.

Makosa yanayonyemelea. La kwanza kwetu ni mgomba. Kihamba kizuri hakina uwazi: juu kuna mkabela, chini yake mgomba, chini yake mkahawa. Jani la mgomba ni mfereji. Likielekea kwenye kipimamvua linaongeza maji, likikifunika linayazuia. Chombo kikae mbali na kizuizi angalau mara mbili ya kimo cha kizuizi hicho. Mgomba wa mita tano, basi hatua za kutosha mita kumi. Na mgomba unakua, kwa hiyo mahali palipokuwa wazi Februari si lazima pawe wazi Novemba.

La pili ni bilauri ya kupimia. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya mita moja ya mraba, lakini mililita zinazoingia kwenye chombo chako zinategemea mdomo wake. Kipimamvua cha kizamani chenye mdomo wa sentimita 12.7 hukusanya mililita 12.7 hivi kwa kila milimita. Chenye mdomo wa sentimita 10 hukusanya kama 7.9. Bilauri yake ikivunjika na mtu akaazima nyingine kutoka kwa jirani mwenye chombo tofauti, tarakimu zote zitaharibika bila dalili yoyote. Andika kipenyo cha mdomo kwenye jalada la daftari.

Muda. Hapa njia hii ina nguvu kubwa. Daftari halina betri. Ukianza katikati ya Februari na tena mapema Septemba, unakuwepo kabla ya mageuzi yote mawili, na unaweza kuendelea miaka mingi.

Inamfaa nani. Kikundi chenye watu wengi na fedha chache, shule, vyama vya wakulima wa kahawa, jumuiya za watumia maji, na mtafiti anayeuliza juu ya mahali na tarehe. Haimfai anayetaka kujua mvua ilinyesha saa ngapi au upepo ulitoka wapi.

Njia ya pili: vituo vichache vya kujiendesha

Swali inalojibu. Kituo cha kujiendesha hukupa mvua, joto, unyevu, kanieneo ya hewa, upepo na mionzi ya jua kila dakika kumi au kila saa, usiku na mchana. Kwa hiyo kinajibu maswali ya saa: mvua ya masika mahali hapa ni ya alfajiri au ya alasiri? Unyevu unaongezeka siku ngapi kabla ya mvua ya kwanza? Baridi ya Juni inaingia ghafla au polepole?

Mfano mkubwa tunao wenyewe. Mwaka 2000 mtafiti Doug Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliweka kituo cha kujiendesha juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo. Kilikuwa chombo kimoja mahali pamoja, lakini kwa kutembelewa na kutunzwa kilitoa rekodi ya miaka mingi ya theluji, upepo na jua mahali ambapo hakuna msomaji angeweza kuishi. Kazi hiyo inaonyesha nguvu ya njia hii, na bei yake pia: watu walilazimika kupanda mlima kwenda kukirekebisha.

Watu na gharama. Watu wachache, fedha nyingi mwanzoni, na fedha ya kati kila mwaka. Usinunue kituo bila bajeti ya betri, ya vipuri na ya nauli ya fundi. Kuna jambo dogo ambalo limeua vituo vingi kuliko radi: laini ya simu. Kituo hutuma data kwa laini, laini husajiliwa kwa alama za vidole za mtu, na mtu huyo akihamia Dodoma au akisahau kuweka bando, kituo kinanyamaza. Kabla ya kukisimamisha amueni laini ni ya nani na nani atailipia. Pia hakikisheni kirekodi kinahifadhi data ndani yake hata kama hakitumi.

Vibali. Kama vya njia ya kwanza, na Mamlaka wataangalia kwa makini zaidi, kwa sababu kituo hupima mambo mengi.

Makosa yanayonyemelea. Upepo, tena upepo. Ukiweka kipimaupepo Kibosho utapata mchoro mzuri sana, upepo ukipanda mchana na kushuka usiku, na hiyo ni pumzi ya mlima. Kaskazi na kusi zimejificha nyuma yake. Kipimo cha upepo kinataka mlingoti wa mita 10 mahali wazi. Kama swali lako ni kugeuka kwa pepo za msimu, peleka kituo kimoja kwenye uwanda, tuseme upande wa Bomang'ombe kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, mbali na mteremko. Kisha usiangalie wastani wa siku. Chukua saa moja moja, tuseme saa 4 asubuhi ya kila siku, uifuate kutoka Februari hadi Mei, ulinganishe na saa 10 usiku. Pumzi ya mlima ina mzunguko wa siku. Msimu una mzunguko wa mwaka. Ukipanga data kwa saa, hizo mbili zinaachana.

Kwa mvua, vituo vingi hutumia vikombe viwili vinavyopinduka kila vinapojaa, kwa kawaida kila milimita 0.2. Mvua kubwa ya Aprili ikimwagika, vikombe huchelewa kupinduka na sehemu ya maji haihesabiwi. Utando wa buibui, majani ya mkabela na manyigu hufanya kosa kubwa zaidi, na kosa lenyewe linafanana na ukame: kituo kinaandika sifuri kwa utiifu wakati mvua inanyesha. Dawa yake ni ya bei ndogo. Weka kipimamvua cha mkono pembeni ya kila kituo, kisomwe hata mara moja kwa wiki. Na mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, mwaga maji uliyoyapima polepole kwenye funeli uone kama kinahesabu sawasawa. Funeli ya kipenyo cha sentimita 20 huhitaji mililita 31.4 kwa milimita moja.

Muda. Kikitunzwa, kinavuka misimu vizuri kabisa. Kisipotunzwa, mara nyingi kinakufa katikati ya masika, wakati jua ni hafifu na betri imechoka.

Inamfaa nani. Chuo, kituo cha utafiti, shamba kubwa, au mradi wenye fundi anayefikika na mlinzi anayeaminika. Paneli ya sola huonekana na watu wote, na ulinzi wa kweli wa chombo ni jirani anayejua kinafanya nini na anayepata faida ya tarakimu zake.

Njia ya tatu: kampeni fupi ya maputo

Swali inalojibu. Mbili za kwanza zinapima chini. Pepo za msimu ni mwendo wa hewa wenye kina, na wakati mwingine jambo lote liko juu. Mwaka 1969 mtafiti wa hali ya hewa J. Findlater alieleza mkondo wa upepo wenye kasi unaopita mashariki mwa Kenya na kuvuka ikweta kuelekea Bahari ya Arabu, kwenye kimo cha kilomita moja na nusu hivi. Ni kusi ileile inayotupita sisi, inageuka kona na kwenda kunyesha India. Vipimo vya maputo ndivyo vilivyouonyesha mkondo huo. Juzi juzi, Machi na Aprili 2021, watafiti walirusha maputo huko Marsabit kuuchunguza mkondo wa upepo wa Turkana, ambao hubeba unyevu na kuiacha kaskazini mwa Kenya ikiwa kavu. Kama unauliza kusi inapoingia Aprili ina kina gani, au kama hewa kavu ya kaskazi bado ipo juu wakati chini kumeshakuwa na unyevu, ni puto tu litakalokujibu.

Watu na gharama. Kuna maputo ya aina mbili. Lenye kifaa cha kupimia joto, unyevu na upepo hupaa hadi karibu kilomita 30 na kupasuka. Kifaa hakirudi, kwa hiyo kila mrusho ni fedha iliyokwenda. La pili ni puto tupu linalofuatwa kwa theodolaiti, darubini ya kupimia pembe: mtu mmoja anatazama, wa pili anasoma saa, wa tatu anaandika pembe, na kasi ya kupaa inakadiriwa kwa ukubwa wa puto na gesi iliyomo. Hili ni nafuu sana na ni darasa zuri ajabu kwa wanafunzi. Nimeona vijana waliochoshwa na hesabu za pembe wakizipenda ghafla walipoona zinawapa upepo. Gesi nayo ni shughuli. Haidrojeni ni rahisi lakini hulipuka. Heliamu ni salama lakini ni ghali na huagizwa.

Vibali. Hapa ndipo pagumu kuliko kote. Tuna KIA katikati, uwanja wa Arusha upande mmoja na wa Moshi upande mwingine. Hakuna puto linalopaa bila Mamlaka ya Usafiri wa Anga kujua siku na saa. Kifaa kinachotuma kwa redio kinahitaji masafa, na hayo ni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Anza kuomba miezi mingi kabla, na usichape ratiba ya kurusha kabla ya majibu.

Makosa yanayonyemelea. Puto la theodolaiti hupotea linapoingia wingu. Maana yake utakuwa na vipimo vingi vya siku nyeupe na vichache vya siku za mvua, na ukichukua wastani wake utajikuta umechunguza kaskazi na kusi katika siku ambazo hazikunyesha tu. Rusha alfajiri, kabla wingu la mlima halijajengeka, na daima andika kimo ambacho puto lilipotea, kwa kuwa hicho nacho ni kipimo cha kitako cha wingu. Rusha kutoka uwandani. Arusha mjini iko karibu mita 1,400, kwa hiyo tayari umesimama kwenye kimo cha mkondo ule wa Findlater, lakini Meru upo mgongoni na unauvuruga upepo.

Muda. Ni wiki chache, na msimu hausomi kalenda ya mradi. Ukipanga tarehe 10 hadi 25 Machi na masika yakachelewa, utafunga mizigo mvua ikianza. Ninachokishauri ni kugawa maputo: machache Februari kaskazi ikiwa imetulia, akiba kubwa isiyo na tarehe inayosubiri dalili za mageuzi, na machache Juni kusi ikiwa imeshika. Timu ikae karibu, isitoke mbali.

Inamfaa nani. Chuo chenye mtaalamu wa anga, ushirikiano wa taasisi kadhaa, au kozi ya vitendo ambayo faida yake ya kwanza ni mafunzo.

Na satelaiti je?

Huulizwa kila mara, na ni haki. Data ya CHIRPS inakupa makadirio ya mvua tangu 1981 kwa miraba ya kilomita 5 hivi, bure. Satelaiti ya GPM, iliyorushwa Februari 2014, ndiyo msingi wa makadirio ya kila nusu saa kwa miraba ya kilomita 10 hivi. Zitumie, hasa kwa sababu vipimo vyako vya miaka miwili havitoshi kusema hali ya hewa imebadilika. Wastani rasmi huhesabiwa kwa miaka 30. Lakini mraba wa kilomita 10 juu ya Kibosho unachanganya mahindi ya chini, kihamba na msitu. Tena mvua za mlimani huweza kutoka kwenye mawingu mafupi yasiyo na ubaridi mwingi juu, na satelaiti inayotazama ubaridi wa kilele cha wingu huzipunja. Kwa hiyo satelaiti haishindani na njia hizi tatu. Inazihitaji, na wewe unaihitaji.

Kwa hali yako

Kama wewe ni mwalimu na una darasa moja, chukua vipimamvua vinne au vitano kwenye mstari mmoja, tafuta majirani wa kushika zamu za likizo, na uanze Septemba. Usitafute kituo cha sola mwaka wa kwanza.

Kama ni mwanafunzi wa shahada ya pili mwenye mwaka mmoja wa kazi ya uwandani, swali lako liamue. Ukiwa unauliza tarehe ya mwanzo wa masika au tofauti ya Rombo na Machame, vipimamvua kumi vitakupa tasnifu nzuri kuliko kituo kimoja. Ukiwa unauliza saa za mvua au unyevu, omba kwanza data ya kituo kilichopo, kisha ongeza kimoja cha kwako mahali ambapo pengo ni kubwa. Kwa vyovyote, kibali cha mwezi wa nne ni kibali cha msimu uliopita. Barua zitoke kabla ya Krismasi.

Kama ni chama cha wakulima, mnachohitaji ni rekodi itakayodumu, na daftari la kila siku linatosha. Mkipata mfadhili anayelazimisha kituo, kikubalini kwa sharti la fedha za matunzo ya miaka mitatu na kipimamvua cha mkono pembeni yake.

Kama ni taasisi yenye fedha na wataalamu, changanyeni: vipimamvua kuuzunguka mlima mwaka mzima, vituo viwili, kimoja uwandani na kimoja ukingoni mwa msitu, na maputo yanayosubiri mageuzi. Mkilazimika kukata kitu, kateni maputo kabla ya kukata malipo ya wasomaji.

Na kama umesoma hapa ikiwa tayari ni Aprili, mvua inanyesha na huna chochote, usikimbilie kununua. Tumia masika haya kutembea: tazama uwanja ulio wazi, ongea na mtendaji, tafuta bibi au babu wa kusoma saa 3 asubuhi, ona maji ya mvua yanapita wapi na kivuli cha mgomba kinaangukia wapi. Mwishoni mwa Agosti simamisha vyombo. Vuli itakukuta upo.